Kusimamia Makao ya Wazee: Hakikisha Habari Mbaya Inakufikia Mapema

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa makao ya wazee hapa Nakuru, awe nesi aliyestaafu, mtawa, mzee wa kanisa, au mtoto aliyeachiwa nyumba na mamake ili kazi isikatike. Nimewafikiria hasa wenye nyumba ndogo za Lanet, Bahati, Njoro na Kiamunyi: wazee kumi hadi thelathini, mpishi mmoja, walezi wachache, na nesi anayepita mara kadhaa kwa wiki. Hospitali kubwa zina watu wa kufuatilia kila idara. Ninyi mna daftari, simu na macho yenu.

Nyumba nyingi zinazoharibika zilianzishwa na watu wenye moyo mzuri kabisa. Huharibika kwa sababu msimamizi ndiye mtu wa mwisho kujua. Mlezi wa usiku alijua tangu Jumatatu kwamba kisigino cha nyanya mmoja kimebadilika rangi. Mpishi alijua kwamba kuna mzee anayerudisha sahani ikiwa imejaa. Anayefua aliona shuka za kitanda kimoja zikija zimelowa kila asubuhi. Msimamizi akaambiwa Ijumaa, kidonda kikiwa kimeshafunguka. Kazi yako kubwa ni kufupisha njia kati ya aliyeona na anayeweza kuamua, na karibu kila hatua iliyo hapa inahusu njia hiyo.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba saa ambazo hutarajiwi

Katika mwezi wako wa kwanza, ofisi ingoje. Pita saa kumi na moja alfajiri. Pita saa nane mchana, watu wakiwa wameshiba na kusinzia. Pita Jumapili jioni, na angalau mara moja kwa wiki pita saa tisa usiku. Waambie wafanyakazi mapema kwamba utafanya hivyo na uwaeleze sababu, wasije wakadhani ni msako. Ukifika, salimia, kisha shika kazi: tandika kitanda, mpe mtu maji, shika beseni. Mtu aliyeshika beseni pamoja na mlezi huambiwa mambo ambayo hayatasemwa kamwe kwenye mkutano.

Kuna vitu vya kutazama. Kikombe cha maji kiko upande wa mkono unaofanya kazi, au kiko upande ule uliopooza kwa kiharusi? Miwani iko usoni au kabatini? Kucha zimekatwa? Mtu akiogeshwa, mlango umefungwa? Anapotaka msaada usiku, ana kengele au kitu cha kugonga? Harufu ya mkojo ni ishara, lakini harufu kali ya dawa ya kusafishia sakafu nayo ni ishara, hasa ikisikika siku wageni wanapokuja tu.

Tazama pia jinsi walezi wa usiku wanavyopata joto. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huingia mifupani. Mlezi asiyepewa sweta wala chai ataingiza jiko la makaa ndani na kufunga dirisha. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Piga marufuku jiko vyumbani, na siku hiyo hiyo nunua masweta mazito, soksi, mablanketi ya walezi na chupa ya chai. Ukitoa amri bila blanketi, jiko litarudi ukishaondoka.

Hatua ya 2: Zamu ipokezanwe kando ya kitanda

Kama ungekuwa na nguvu ya kubadilisha jambo moja tu, ningekuomba ubadilishe hili. Saa moja asubuhi katika nyumba nyingi, anayetoka ana mkoba begani na anawahi matatu. Anayeingia anauliza, "Wako aje?" Anajibiwa, "Wote wako sawa." Hapo ndipo habari hufia.

Panga zamu mbili zipishane kwa nusu saa, na ulipe nusu hiyo. Anayetoka na anayeingia watembee pamoja kitanda kwa kitanda. Kwa kila mzee waseme amekula na kunywa kiasi gani, amekojoa na kwenda haja kubwa lini, ngozi ikoje, amepewa dawa gani na amekataa ipi, na moyo wake ukoje: amelia, amekasirika, ameita jina la nani. Mzee asalimiwe kwanza, na azungumzwe naye, maana yeye mwenyewe yupo pale. Mambo ya choo yasitajwe mbele ya wageni.

Makabidhiano mazuri husikika hivi:

"Cucu, umeamkaje? Tumekuja kukuona na mwenzangu kabla sijaenda nyumbani. Jana jioni alikunywa uji nusu kikombe, maji akakataa. Usiku kucha amekojoa mara moja tu, kidogo, rangi ya chai ya rangi. Cucu, naomba tuinue blanketi kidogo tuangalie mguu."

Maneno hayo machache yanatosha kumwokoa mtu. Mkojo kidogo wenye rangi nzito unasema mwili umekauka. Uzee hupunguza kiu, na zaidi ya hapo wazee wengi hukataa maji jioni kwa makusudi kwa kuwa hawataki kumsumbua mtu usiku wakitaka choo. Dawa yake ni mlezi anayewapeleka choo kabla ya kulala, na tena usiku wa manane, bila kunung'unika. Mzee akishaonyeshwa uso wa kuchoshwa mara moja, hataomba tena.

Kila kitu kiandikwe kwenye daftari moja kubwa lenye kalamu iliyofungwa kwa kamba: saa, kilichoonekana, kilichofanywa, jina la aliyeandika. Ukurasa usichanwe, kosa likatwe kwa mstari mmoja linaloweza kusomeka. Nawe lisome kila siku, utie sahihi, na uandike umefanya nini. Walezi wakiandika wiki mbili bila kuona jibu lako, wataacha, na hutawalaumu.

Hatua ya 3: Chunga dakika tano za kwanza baada ya kuambiwa jambo baya

Mlezi anakuja akitetemeka: "Madam, Guka ameanguka bafuni. Nilikuwa nimeenda kuchukua taulo." Nyumba nzima itajifunza kutokana na utakachofanya sasa. Ukifoka, kesho mzee mwingine ataanguka na utaambiwa amelala. Ukianza na mshahara, mwezi ujao michubuko itafichwa chini ya nguo ndefu.

Anza na aliyeanguka. Asiinuliwe kabla ya kuulizwa anaumia wapi na kabla ya kutazama kama mguu mmoja umekuwa mfupi au umepinda kwa nje, dalili za nyonga iliyovunjika. Kama amegonga kichwa, na hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande, aende hospitali hata akisema yuko sawa. Kisha mshukuru mlezi kwa kusema. Mshukuru kwa dhati, maana amekupa kitu ambacho angeweza kukuficha. Baadaye, siku hiyo hiyo, keti naye muulize ilikuwaje: taulo zinawekwa wapi? Kwa nini zisiwekwe bafuni? Sakafu ina mkeka usioteleza? Mara nyingi utakuta kosa liko kwenye mpangilio, na mpangilio ni wako.

Ukatili ni jambo jingine kabisa. Mzee kupigwa kofi, kuachwa kwenye mkojo ili "ajifunze", kunyimwa chakula, kutukanwa, kufungwa kwenye kiti, kuporwa pesa: haya hayana onyo la kwanza na la pili. Mtoe mfanyakazi kwenye zamu saa hiyo hiyo, mzee achunguzwe na mhudumu wa afya, andika anachosema mzee kwa maneno yake mwenyewe, wajulishe jamaa, na palipo na shambulio peleka ripoti polisi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na makao ya kibinafsi hayakuachwa nje ya Katiba. Usikubali kesi imalizwe jikoni kwa kuombana msamaha.

Wazee wenyewe wawe na njia ya kulalamika isiyopitia kwa mlezi anayewaogesha. Mara moja kwa wiki, keti na mmoja mmoja mkiwa wawili tu. Maswali mepesi hufungua zaidi: "Usiku ulikuwa mrefu?" au "Nani anakuogesha vizuri?" Jina lisilotajwa kamwe kwenye jibu la swali hilo la pili lifuatilie.

Hatua ya 4: Tunza wanaotunza

Mlezi aliyefanya zamu tatu mfululizo atakuwa mkali hata kama ni mtu mpole. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa mwaka. Rosta ibandikwe ukutani mapema. Mshahara ulipwe tarehe ile ile kila mwezi, kabla ya bili nyingine yoyote. Kumwinua mzee asiyeweza kusimama kuwe kazi ya watu wawili, usiku pia. Migongo ya walezi ikishaharibika hakuna wa kuinua mtu.

Lugha ihesabiwe kwenye rosta. Mzee anapoanza kusahau, Kiswahili na Kiingereza alivyojifunza ukubwani huondoka kwanza, na lugha ya mama hubaki. Mama aliyekuwa akikuagiza mambo kwa Kiswahili safi mwaka jana sasa anaomba choo kwa Kikalenjin tu, na mlezi asiyemwelewa anaandika "msumbufu". Jitahidi kila zamu iwe na watu wa lugha tofauti. Kwa lugha ambazo hamna, waombe jamaa wawafundishe maneno ya msingi: maji, choo, maumivu, baridi, njaa, jina la nyumbani. Muulize pia kila mzee anapenda kuitwaje. Aliyefundisha shule miaka thelathini huenda akataka kuitwa Mwalimu hadi mwisho.

Na siasa za kikabila zisiingie koridoni. Kuna wazee mjini humu waliokimbia nyumba zao katika vurugu za baada ya uchaguzi, Januari 2008. Wakati wa uchaguzi, kelele za redio na filimbi barabarani zinatosha kuwarudisha kule. Msimamizi ndiye wa kulisema hili wazi, mapema, na kwa watu wa pande zote.

Hatua ya 5: Jua ishara za mwili ambazo hazingoji

Si lazima uwe daktari, lakini lazima ujue mambo ya kukuamsha.

Ngozi kwanza. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na aliyekaa kwenye kiti abadilishwe mkao mara nyingi zaidi. Tazama visigino, makalio, nyonga na uti wa mgongo wa chini. Vitabu husema tafuta wekundu, ila kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa. Tafuta sehemu iliyo nyeusi zaidi au ya zambarau, yenye joto au ugumu kuliko sehemu ya jirani, au inayomuuma akiguswa. Iguse kwa mgongo wa mkono wako, ulinganishe na upande wa pili. Ukiona tofauti, sehemu hiyo isilaliwe tena, na nesi aitwe leo.

Kuchanganyikiwa ghafla ni dharura. Aliyekutambua jana na leo hakutambui, au amezubaa na kusinzia isivyo kawaida, usimwambie mtu kwamba ni uzee. Kusahau kwa uzee huja polepole. Kunakokuja kwa siku moja mara nyingi kuna chanzo: maambukizi ya mkojo au ya kifua, kukosa maji, choo kilichogoma siku nyingi, dawa mpya, au sukari iliyoshuka. Mwenye kisukari akitokwa jasho, akitetemeka au kuchanganyikiwa, mpimeni. Kama sukari imeshuka na anaweza kumeza, apewe vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kama hawezi kumeza, msimtie chochote mdomoni. Ni safari ya hospitali.

Dawa zikae kwenye kabati lenye ufunguo mmoja unaopokezanwa na kuandikwa. Anayetoa ndiye anayetia sahihi, baada ya mzee kumeza. Na hili nalisema kwa uchungu: hakuna mzee wa kupewa Piriton, dawa ya mzio inayoleta usingizi, ili nyumba ilale. Dawa za namna hiyo huwaongezea wazee kuchanganyikiwa, huwazuia kukojoa na huwaangusha wakiamka gizani. Nyumba ikihitaji dawa ya usingizi ili zamu ya usiku ipite, inahitaji mlezi wa pili.

Weka pia namba za madereva wawili waliokubali kuamshwa usiku, na bahasha ya kila mzee yenye nakala ya kitambulisho, orodha ya dawa, magonjwa yake na namba ya jamaa. Kila mmoja awe amesajiliwa SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mkifika PGH, hospitali kubwa ya rufaa ya Nakuru, saa nane usiku mkiwa na bahasha hiyo, hamtaanza kutafuta karatasi mgonjwa akiwa kwenye machela.

Hatua ya 6: Jiko na maji

Mpishi aketi kwenye mkutano wa wafanyakazi kama walezi wengine, kwa sababu yeye ndiye anayeona sahani zinazorudi. Githeri ngumu haiwezi kuwa chakula cha mtu asiye na meno. Ipondwe iwe mukimo, au maharagwe yachemshwe hadi yalainike. Mzee ale akiwa ameketi wima na abaki hivyo nusu saa. Anayekohoa kila akinywa aonwe na mhudumu wa afya kabla chakula hakijaingia kwenye mapafu. Pimeni uzito kila mwezi, mzani ule ule. Cheti cha afya cha wanaoshika chakula hufanywa upya kila miezi 6.

Maji ya hapa yana jambo lake. Ardhi ya Bonde la Ufa ina floraidi, na visima vingi vya Nakuru huvuka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ikizidi kwa miaka mingi hukakamaza mifupa na viungo. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi. Kama mna kisima, pelekeni maji yapimwe. Ya kunywa na kupikia yawe ya mvua yaliyovunwa vizuri, au yapite kwenye chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyoendelezwa hapa hapa Nakuru. Mkaa huo huchoka, kwa hiyo andikeni tarehe ya kuubadilisha.

Hatua ya 7: Pesa na wageni

Michango isiingie kwenye simu yako binafsi. Fungueni laini ya malipo ya makao, na kila matumizi yawe na sahihi mbili. Pesa za mzee zisichanganywe na za nyumba. Anayepokea Inua Jamii, msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, awe na ukurasa wake: zimeingia lini, ameagiza nini, shahidi ni nani. Namba yake ya siri ya simu hampaswi kuijua.

Desemba nyumba hujaa vyama, vikundi vya kanisa na wanafunzi, kila mmoja na unga na mkate. Februari hakuna anayepiga hodi. Wakipiga simu Novemba, washukuru na waombe waje Februari, na badala ya mkate walete daipa za watu wazima, mafuta ya kupaka, au walipe bili ya maji. Wengi hukubali wakielezwa.

Kuhusu picha, shikilia msimamo. Mzee aliyevaa nguo ya kulalia, asiyejua anapigwa picha, asiwe tangazo la wema wa mtu kwenye Facebook. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda sura na habari za afya yake kama za mtu mwingine yeyote. Mwenye akili timamu aulizwe mwenyewe, na akikataa iwe basi. Kwa asiyeweza kuamua, jibu la kawaida liwe hapana.

Hatua ya 8: Jamaa, na siku ya msiba

Wengi wanaoleta mzazi makaoni huja wakiwa na aibu, wakiogopa kuambiwa wamemtupa. Usiwahukumu mlangoni, maana aliyehukumiwa hatarudi kutembea. Kila familia ichague mtu mmoja wa kupigiwa, naye apigiwe kila wiki hata pasipo na tatizo. Mzee akianguka, apigiwe siku hiyo, nawe useme ukweli wote pamoja na ule unaokuumiza.

Mambo ya mwisho yaulizwe mapema, mzee akiwa na nguvu: anataka kupelekwa hospitali hadi lini, anataka nani awepo, azikwe wapi na kwa taratibu zipi. Wapo watakaosema Nakuru, wapo watakaotaka kurudi Siaya, Vihiga au Nyamira, na safari hiyo inahitaji familia iliyojiandaa. Kifo kikitokea nyumbani, naibu wa chifu ndiye hupokea taarifa ya kukiandikisha, kwa hiyo jueni namba yake kabla ya siku hiyo. Wazee wengine waambiwe siku hiyo hiyo, na wanaotaka kwenda mazishini wasaidiwe kufika.

Hatua ya 9: Ondoka kwa wiki moja

Chagua naibu, mkabidhi funguo, sahihi ya pili ya benki na namba zote, kisha nenda likizo na usipige simu kila saa. Mruhusu aamue. Ukirudi, soma daftari kabla ya kufungua ofisi. Kurasa zikiwa na mambo yaliyoandikwa na kujibiwa kama ulipokuwepo, naibu wako anaweza kupewa mwezi mzima. Ikiwa wiki nzima haina tatizo hata moja lililoandikwa, kaa usiku huo na walezi wa zamu, unywe nao chai, na uwaulize wanaogopa nini.